Ng'ombe Wetu, Majani ya Nani?

(Maneno ya mjumbe wa Kamati ya Fedha katika hafla ya harambee ya mwaka. Yamechapwa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwapo na wale wa matawi ya mikoani.)



Mwenyekiti amenipa dakika 15 na amenionya nisisome mahesabu, maana chakula kinapoa. Mahesabu yamo ndani ya kijitabu hiki, yamekaguliwa, na mwenye swali juu ya fedha za paa la zahanati anione baada ya chakula, sitakimbia. Mimi leo nataka kusema juu ya kitu ambacho hakimo kwenye mahesabu yale, wala hakijawahi kuwamo tangu Chama hiki kianze. Nataka kusema juu ya majani. Majani ya ng'ombe.

Naona mnacheka. Hata kwenye kamati walicheka. Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana na yuko humu ndani, aliniuliza: "Mhasibu, umeanza lini kuwa bwana mifugo?" Nilimjibu kwamba nimeanza siku nilipopata hasara.

Nyuma ya shule ya msingi niliyosoma, upande wa Rulenge, kuna kilima. Sikitaji jina kwa sababu kila mmoja wenu ana cha kwake. Nilipokuwa darasa la tatu, mwezi wa nne na wa tano, majani ya kilima kile yalikuwa yananifika kifuani. Ng'ombe wakiingia humo huwaoni, unasikia kengele tu. Kila mtu alikuwa na haja na majani yale. Baba alikata ya kuezekea. Mama alikata ya kutandaza kwenye migomba ili udongo usikauke wakati wa kiangazi. Ng'ombe walikula huko mchana, jioni wakarudi zizini, na samadi yao ikaenda mgombani. Ukifikiri vizuri utaona kwamba rutuba ya kilima ilikuwa inashuka kwa miguu minne kila jioni mpaka kwenye ndizi tunazokula. Hakuna aliyetufundisha hivyo shuleni, lakini ndivyo nyumba zetu zilivyosimama. Na chini ya kilima palikuwa na chemchemi. Mimi na dada zangu tulichota maji pale miezi yote 12.

Nenda leo. Udongo ni mwekundu, mawe yametoka nje kama mbavu. Majani yaliyobaki ni yale mafupi magumu ambayo ng'ombe anayanusa na kuyaacha. Mvua ikinyesha, maji hayaingii ardhini, yanateremka yote kwa pamoja, na yamechimba korongo ambalo mtu mzima akisimama ndani humwoni kichwa. Udongo ule unakwenda Ruvuvu, Ruvuvu inaupeleka Kagera, na Kagera inaupeleka Ziwa Victoria. Chemchemi ile sasa inatoa maji wakati wa mvua tu, yaani wakati ambao hatuihitaji. Mama yangu ana miaka zaidi ya 70 na ananunua maji kwa dumu kutoka kwa kijana wa baiskeli.

Sasa, tukikutana hapa mjini na kuulizana nani ameharibu, majibu yetu ni yale yale. La kwanza ni wakimbizi.

Mimi nilikuwa na miaka 13 wakati ule. Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kuvuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na ndani ya saa 24 walikadiriwa kufika 250,000. Ngara yetu yote, hata sensa ya 2012, ilikuwa na watu wapatao 320,000. Yaani ndani ya siku moja tulipokea wilaya karibu nzima. Walikaa Benaco, pale ilipokuwa kambi ya kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, kisha wakafungua Lumasi, Musuhura na kwingineko. Walikuwa wamekimbia kifo, na kila mmoja wao alihitaji kuni za kuivisha maharage. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilikadiria kwamba katika Kagera, wakati kambi zimejaa kabisa, zaidi ya tani 1,200 za kuni zilikuwa zinachomwa kila siku. Kwa wasiopenda tarakimu, hayo ni malori 120 ya tani 10, kila siku, Jumapili hadi Jumapili. Basi ni kweli, miti ilikwisha. Sitakataa jambo ambalo nililiona kwa macho yangu.

Lakini Wanyarwanda walirudi kwao Desemba 1996. Ni miaka mingi imepita. Na nimepita sehemu nyingine za kambi zile, zile ambazo watu na mifugo hawakuingia mara moja, nikaona visiki vilichipua na majani yakarudi. Kilima changu hakikuwahi kuwekwa hema hata moja, na ndicho kilicho kipara. Hapo ndipo jibu la wakimbizi liliponishinda.

Jibu la pili ni mifugo ya nje, makundi yaliyokuwa yanavuka mpaka kutoka Rwanda na Burundi, na mengine kutoka Usukumani. Hilo nalo lina ukweli wake. Mwaka 2013 ilifanyika Operesheni Kimbunga, ng'ombe wengi wakaondoka na watu wengi wakaondolewa, wengine kwa namna ambayo mpaka leo familia zinalia, kwa sababu huku kwetu mpaka unapita katikati ya undugu. Baada ya hapo kilima changu kilipaswa kupona. Hakikupona.

Jibu la tatu ni mvua, kwamba mvua siku hizi haieleweki. Nakubali. Ila mvua hiyo hiyo inanyesha ndani ya uzio wa misheni na majani humo yanasimama.

Ndugu zangu, nisiwazungushe. Mwaka juzi, mwezi wa nane, kijana wa baba yangu mdogo alinipigia simu usiku. Yeye ndiye anayenitunzia ng'ombe. Akaniambia, "Kaka, wawili wameanguka hawainuki." Nikauliza ugonjwa gani. Akasema, "Si ugonjwa, kaka. Ni njaa." Kabla ya mvua za mwezi wa kumi walikuwa wamekufa wanne. Nilikasirika, nikamtuhumu kwa mambo ambayo sitayarudia hapa, na baadaye nilimwomba radhi mbele ya baba mdogo.

Kwa kuwa mimi ni mhasibu, nilichukua daftari langu la ng'ombe nilifungue nione kosa liko wapi. Nilianza kununua mwaka nilipopata ajira ya kudumu. Kila bonasi, ndama. Mkopo wa chama cha akiba ukibaki kidogo, mtamba. Nilifikisha 23 baada ya hao wanne kufa. Daftari lina safu ya manunuzi, safu ya dawa na kuogesha, safu ya chumvi, safu ya posho ya mchungaji. Nikalipitia mara mbili. Hakuna safu ya majani. Miaka yote ile nilikuwa na mali inayokula kila siku, na chakula chake sijawahi kukilipia hata senti. Kimelipwa na kilima. Katika kazi yangu, kampuni ikijiandikia faida kila mwaka kwa kula mtaji wake bila kuuandika popote, tunajua mwisho wake na tunajua jina la kumwita aliyeandika vitabu hivyo.

Nikafanya hesabu ambayo mtu yeyote humu anaweza kuifanya. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye kilo 250 anahitaji kwa siku majani makavu ya kama kilo 6 na robo. Kwa mwaka ni karibu tani 2.3. Tuseme hekta moja ya kilima chenye afya inatoa tani 3 za majani makavu kwa mwaka, na nimekuwa mkarimu. Hamwezi kuyala yote. Mabwana malisho wana kanuni yao ya zamani: kula nusu, acha nusu. Sababu yake ni kwamba jani ndilo linalolisha mzizi. Ukilikata kupita kiasi, mzizi unasimama kukua, na ukilikata tena kabla halijapona, mzizi unakufa, na ardhi iliyokuwa imeshikwa na mzizi ule inaachia. Kwa hiyo katika tani 3 ng'ombe anapewa tani 1.5. Hiyo maana yake ng'ombe mmoja ni hekta moja na nusu. Ng'ombe wangu 23 walihitaji hekta 35, karibu ekari 86. Mimi kijijini nina ekari 4, na zote ni migomba na kahawa.

Basi nikauliza, mimi tu ndiye hivi? Nilipokwenda likizo ya Desemba nilikaa na wazee na mwenyekiti wa kitongoji tukahesabu zizi kwa zizi, bila karatasi kwanza maana watu wakiona karatasi wanafikiri kodi. Tulipomaliza tulinyamaza wote. Ng'ombe wanaopanda kilima kile, zaidi ya nusu si wa watu wanaolala kijijini. Ni wa mwalimu aliye Mwanza, wa afande aliye Dodoma, wa mfanyabiashara aliye Kahama, wa mhasibu aliye Dar es Salaam. Ni wa wanachama wa Chama hiki, wengi wao. Jirani asiye na mtoto mjini ana ng'ombe 3, na wakifa 2 amekwisha. Mimi walikufa wanne na nikaja kazini Jumatatu kama kawaida.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu juu ya nani ameharibu. Nimewaambieni hesabu ya kilima kimoja. Hesabuni na cha kwenu.

Ndugu zetu wa Biharamulo msidhani nawasema wa Ngara peke yao. Kwenu ilikuwa tofauti kwa muda mrefu. Mbung'o alikuwa mlinzi wa pori. Wazee wanakumbuka simulizi za enzi za Waingereza, watu wakihamishwa na kukusanywa sehemu moja kwa sababu ya malale. Ng'ombe hakuweza kukaa, basi majani yakakaa. Miyombo ilipoanza kufyekwa kwa mashamba, kwa tumbaku na kwa mkaa, mbung'o akarudi nyuma na ng'ombe wakaingia, maelfu. Anayepita barabara ya Nyakanazi anayaona magunia ya mkaa yamepangwa kando ya lami, na nyuma ya magunia anaona kweupe. Halafu kuna jambo la hifadhi. Zamani kiangazi kikikaza, wafugaji waliingiza mifugo kimyakimya katika mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Haikuwa halali, lakini wote tunajua ilifanyika. Mwaka 2019 mapori yale matatu yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mimi siipingi hifadhi. Nasema tu kwamba ule mlango wa nyuma umefungwa, na ng'ombe waliokuwa wanapitia humo sasa wako kwenye ardhi ya vijiji mwaka mzima. Hakuna tena mahali majani yanapumzika.

Na kupumzika ndiyo dawa. Hili sikulibuni mimi. Majirani zetu wa Shinyanga walifika mahali pabaya kuliko sisi. Miti yao ilifyekwa miaka mingi, kwanza kumfukuza mbung'o, baadaye kwa pamba, mpaka mkoa wao ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni walikazania kugawa miche. Kilichofanya kazi zaidi kilikuwa kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tangu babu zao: ngitili. Unatenga kipande cha malisho mvua zinapoanza, unakifunga, majani yanakua na kukauka yakiwa yamesimama, kisha kiangazi kinapouma unafungua na kulisha kwa utaratibu, ndama na wanaonyonyesha kwanza. Ngitili zilizokuwa zimebaki wakati mradi unaanza zilikuwa kama hekta 600. Miaka ya 2000 zilishapita hekta laki tatu, za familia na za vijiji. Na miti ikarudi yenyewe, kwa sababu mizizi ilikuwa bado iko chini inangoja tu kuachwa.

Nyie mnaosema Msukuma ametuletea ng'ombe, basi tumwombe na ngitili yake.

Sasa nifike kwenye fedha, maana Mwenyekiti anaangalia saa. Kamati imekubali, kwa kura chache za kuzidi, niwaletee pendekezo hili mlipigie kura leo. Katika makusanyo ya mwaka huu tutenge shilingi milioni 18 kwa vijiji viwili, kimoja Ngara na kimoja Biharamulo, kila kijiji kifunge kilima kimoja. Sehemu kubwa ya fedha inakwenda kwenye kupima na kuweka mipaka, posho za walinzi kwa misimu mitatu ya mvua, birika la kunyweshea mbali na chemchemi, na mbegu za mabingobingo, gwatemala na lukina zipandwe pembezoni mwa mashamba ili mifugo ipate cha kukatiwa wakati kilima kimefungwa. Hatufungi kilima kwa amri ya watu wa mjini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka mamlaka kwa kijiji chenyewe, na Sheria ya Maeneo ya Malisho ya 2010 ipo. Kitu hiki kitapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuandikwa kama sheria ndogo, au hakitafanyika. Tayari kijiji cha kwanza kimekaa mara mbili. Mkutano wa kwanza ulivunjika kwa kelele, nisiwafiche. Mama mmoja alisimama akauliza: mkifunga kilima, mbuzi wangu watano watakwenda wapi, na hao ng'ombe mia wa wakubwa watakwenda wapi? Hakuna aliyemjibu. Katika mkutano wa pili walikubaliana kwamba mwenye mifugo michache anafunguliwa kwanza, na mwenye mingi analipia.

Hapo ndipo ubishi ulipo. Mjumbe mwenzangu kwenye kamati alisema, na alisema kwa nia njema, kwamba tukianza kuwagusa wanachama kwenye ng'ombe zao, tusahau michango ya madarasa. Nimeufikiria sana wasiwasi wake. Inawezekana yuko sahihi. Tumejenga madarasa na zahanati kwa miaka mingi na hakuna aliyekasirika, kwa sababu darasa halimnyang'anyi mtu chochote. Hili linatunyang'anya. Ninachosema ni kwamba tunajenga shule kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine tunakula kilima kinachowalisha wazazi wa watoto wa shule hiyo.

Kwa hiyo ombi la pili, tofauti na zile milioni 18. Kila mwanachama mwenye ng'ombe nyumbani alipe shilingi 10,000 kwa kichwa kwa mwaka, iende moja kwa moja kwenye mfuko wa malisho wa kijiji ambako ng'ombe huyo anakula. Haiji makao makuu ya Chama, isipite mikononi mwangu wala mwa mweka hazina. Risiti itatolewa na kijiji. Ng'ombe anayeuzwa laki sita au zaidi hawezi kushindwa kulipia chakula chake elfu kumi. Na asiyetaka kulipa ana njia nyingine nzuri: apunguze. Auze wanne dhaifu, abaki na mmoja mwenye maziwa.

Mimi niliuza 11 mwezi wa sita, kabla hawajakonda. Baba mdogo hakufurahi. Alisema nimeanguka kwa hadhi, na kwamba mtu mwenye kazi nzuri mjini hawezi kuwa na zizi la kijana anayeanza maisha. Sikubishana naye. Fedha nimeziweka hatifungani, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kufuga nimelala mwezi wa nane mzima bila kuogopa simu ya usiku. Mwezi wa tisa kijana wake alinipigia mwenyewe. Akasema 12 waliobaki wamepita kiangazi, na wawili wana mimba.

Fomu ziko mezani kwa mweka hazina, karibu na mlango. Zina nafasi ya jina, kijiji na idadi ya ng'ombe. Idadi muiandike ya kweli, wazee wa vitongoji wanaijua. Ya kwangu nimeshaijaza: 12, shilingi 120,000, imelipwa. Wanaotaka kupinga pendekezo wapinge sasa hivi nikiwa bado nimesimama, kabla Mwenyekiti hajaita kura.